Jicho la Mkanda wa Pili

Miaka kumi na tisa nilikaa mbele ya taa nyeupe
kule Bagira, kiwandani,
chupa zikinipita kama watu wanaotoka misani,
zote zimeoga, zote zimenyooka,
na kazi yangu kumtafuta mwenye dhambi.

Dakika ishirini kutazama, dakika ishirini kupumzika.
Ndiyo ilikuwa sheria, maana jicho la mtu huchoka,
likichoka hudanganya,
na mende mmoja akiuzwa ndani ya soda
mji utajua kabla jua halijatua, kuanzia Kadutu hadi Nguba.

Nimeona mengi kooni mwa chupa.
Kichungi cha sigara. Msumari.
Mafuta ya taa, ambayo huyaoni,
unayajua kwa namna mwanga unavyoteleza.
Mjusi aliyeingia mwembamba akanenepea humo.
Jino la mtoto, limefungwa uzi.
Na mara moja karatasi iliyokunjwa kama msokoto:
*Balezi, nimekungoja pale Essence hadi saa mbili.
Sitakungoja tena.*
Niliitia mfukoni. Birindwa, msimamizi,
akanikata nusu siku kwa kusimamisha mkanda.
Simjui huyo Balezi. Bado namwonea huruma.

Mwezi wa tatu likaja sanduku la rangi ya maziwa,
lilivuka daraja la Ruzizi usiku, juu ya lori,
na kijana Aksanti, kompyuta magotini, akaniambia:
Mama Nsimire, lifundishe.

Nikalifundisha. Wiki tatu.
Hii ina ufa. Hii nzima, ni kivuli tu.
Hii usiihukumu, ni tone la maji.
Siku ya kwanza lilitupa chupa safi arobaini
tukacheka, tukashika mbavu, hata Birindwa.
Siku ya kumi na tisa lilitoa moja pembeni.
Niliishika, nikaigeuza, sikuona kitu.
Nikaigeuza tena.
Ufa ulikuwepo, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Siku hiyo sikucheka.

Mfinyanzi hulia gae, wamesema wahenga;
hawakusema hulia nini
anayefinyanga jicho la kumrithi.

Nisiseme uongo: halijawahi kunidharau.
Chupa mia sita kwa dakika, bila kupepesa.
Haliumwi kichwa. Halina ada ya shule.
Halifiwi na mjomba kule Walungu siku ya Jumatatu.
Na mimi, tangu lije, nalala bila chupa kupita
ndani ya kope zangu zilizofungwa.
Hilo nalo ni shukrani, sijui nimpe nani.

Tulikuwa wanane. Tumebaki wawili.
Cibalonza alipotoka na bahasha yake
ule mkono mpya wa chuma ulikuwa unapanga kreti.
Unajua kushika, kuinua, kugeuka,
kuweka polepole kama anayelaza mtoto.
Kupunga haukufundishwa.

Mimi wameniacha nifute mboni.
Asubuhi na saa nane, kwa kitambaa laini,
nalifuta sanduku jicho lake
lipate kuona ninachoshindwa kuona.

Umeme ukikatika, na hapa kwetu hukatika,
mkanda unanyamaza, mkono unaganda hewani na kreti yake,
na mtu huita gizani: Nsimire yuko wapi?
Nipo. Nimesimama karibu nalo.
Kwa dakika mbili, kabla jenereta haijakohoa,
sisi wawili hatuoni kitu, tuko sawa.

Zilizokataliwa huangukia kreti nyekundu
kisha hupelekwa kusagwa.
Sanduku linajua: kuna kitu ndani. Basi.
Msumari, mjusi, karatasi, vyote kwake ni doa.

Kwa hiyo jioni, wenzangu wakishavua magwanda,
nainama juu ya kreti ile,
nainua chupa moja moja kwenye taa ya ukutani.
Halipo fungu la mshahara kwa kazi hiyo.
Birindwa ameniona, akageuza uso.

Huenda Balezi alijibu.